Udongo Mdomoni

Shangazi hakuniita Apuuli asubuhi ile.
Aliniita Kaahwa, jina la daftari la shule na la polisi,
akanitupia kikapu na jembe lililolika.
Hata chai hakuniuliza.

Tulishuka bonde la Wambabya, yeye mbele,
gomesi kaikunja hadi magotini,
kwa njia ya mbuzi, kisha pasipo njia,
matete, mafunjo, maji ya rangi ya majani ya chai.
Mara mbili tulikipita kichuguu kilekile.
Nikanyamaza. Nilijua kwa nini.

Kule nyuma, upande wa lami,
tanuri za matofali zilikuwa zikifuka.
Pale palikuwa na shimo la mama yake, na la nyanya yake,
dogo, la kutosha magoti mawili.
Leo ni ziwa la vyura na chupa za plastiki.
Malori matatu kwa siku.
Na yule aliyemwonyesha bosi ulikolala udongo
alilipwa elfu thelathini
na simu yenye kioo kilichopasuka.

Simu hiyo ikalia mfukoni mwangu, katikati ya mafunjo.
Nikaizima kama mtu anayemziba mtoto mdomo msibani.
Shangazi hakugeuka.

Alikuwa akiisoma ardhi kwa nyayo.
"Huu unateleza, ila umekula majani; chungu chake kitanuka."
"Huu una mchanga. Motoni utalia, pwa!"
Alichomeka fimbo, akaichomoa, akanusa ncha.
Aliinama kwenye matundu ya kaa wa mtoni:
alichokitupa kaa mlangoni
ndiyo habari ya vyumba vya chini.

Kisha mguu wake ukakwama.
Si kuzama. Kukwama,
ukashikwa kama mgeni anayeombwa asiondoke.
Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Tukachimba.
Kwanza mweusi wenye mizizi, huo kando.
Kisha wa manjano. "Mwongo huu," akasema.
Kisha, nikiwa shimoni hadi kiunoni,
baridi ikapanda miguuni, na ukatokea:
wa kijivu, kama moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa,
jembe likiukata unang'aa kama mche wa sabuni.

Akauviringisha ukawa mnyoo, akauzungusha kidoleni.
Haukupasuka.

Wahenga wanasema udongo uwahi ungali maji.
Shangazi anasema wahenga hao hawakufinyanga:
udongo wa maji hukubali kila kitu
na kesho yake umesahau.
Uache ulale siku nne chini ya majani ya mgomba,
usage kigae cha chungu kilichokufa, uuchanganye nacho,
ili huu mpya upate mapema
habari za kuvunjika.

"Fungua kinywa."
Akaniwekea kidonge ulimini.
"Mchanga upo?"
Nikatikisa kichwa. Ulikuwa laini,
wenye mvua ndani yake, na chuma kidogo,
umeshika kaakaa.
"Usimeze. Usiteme. Twende."

Tulirudisha ule mweusi, tukalaza mafunjo juu yake.
Ndani alikuwa ameacha punje mbili za kahawa,
kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Kikapu kilinilemea shingo,
maji ya kijivu yakinitambaa mgongoni.
Barabarani lori likasimama,
dereva ninayemjua, wa bosi yuleyule.
"Ee bwana, udongo mzuri huo! Mmeutoa wapi?"

Shangazi akafungua ukanda wa gomesi,
akaufunga upya, polepole,
akaniachia swali lote.

Kinywa changu kilikuwa kimejaa.
Nikainua mabega. Nikanyoosha kidole
upande wa Hoima, sokoni, penye kuuzwa kila kitu.
Akaniona zezeta, akaondoka na vumbi lake.

Tulitembea kitambo.
Vumbi likatua juu ya kikapu, likalowa.
"Apuuli," akasema, bila kugeuka,
"sasa unaweza kutema."